Put off, call off, put up with... nyie hivi vitu mlivielewaje?

KijanaWaMagomeni:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwenye vile vitenzi vya Kiingereza vyenye kijineno nyuma, ndo wanaita phrasal verbs, vinanitesa kweli. Nipo ofisi moja hapa mjini tunahudumia watalii, juzi mgeni kanitumia meseji wasap "we have to put off Zanzibar until Friday", sasa mi put naijua ni weka, off naijua ni zima, nikajua safari imekufa, nikafuta nafasi zao za boti na hoteli nikaiambia hawaji. Kesho yake asubuhi wananipigia wanauliza tiketi za Ijumaa zipo wapi! Hiyo until Friday niliiona kabisa ila sikuipa uzito. Chumba kilishauzwa, nikashinda kwenye simu nawatafutia kingine Mji Mkongwe mpaka saa kumi. Imeniuma sana kwasababu postpone naijua na cancel naijua, kwanini asingeandika postpone tu? Kuna list ya kukariri au mnafanyaje?

TichaMbagala:
Pole sana mdogo wangu. Usijilaumu, Kiingereza tulichopewa sisi ni cha vitabuni. Msingi yote tunasoma kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo tu, ukiingia form one ghafla karibu kila somo ni kwa Kiingereza na chenyewe kinatoka kwenye kitabu. Na vitabu vinapenda postpone, tolerate, investigate, maneno yenye asili ya Kilatini na Kifaransa, maana Wanormani walipoiteka Uingereza 1066 Kifaransa ndo kikawa lugha ya wakubwa, na mpaka leo maneno ya aina hiyo yanasikika ya kiofisi. Wakichati wenyewe kwa wenyewe wanasema put off, put up with (kuvumilia), look into (kuchunguza).
Kosa ulilofanya ni kutafsiri neno moja moja. Hebu angalia sisi wenyewe, piga pasi, piga deki, piga kura, piga simu, hapo nani kapigwa? Mgeni akishikilia kwamba piga ni kuchapa hatatuelewa mpaka kesho. Kwahiyo put off ichukue nzima nzima, ni kuahirisha. Ya kufuta kabisa ni call off. Hizo mbili kwa kazi yako zishike leo leo.

DadaWaMapokezi:
Naunga mkono ila list achana nayo. Mi niliandika take zote, take on, take over, take after, asubuhi zimeshachanganyika. Kilichonisaidia ni daftari dogo kaunta, kila nikisikia mgeni kasema naandika sentensi yake nzima kama ilivyo. "Can you pick us up at the airport", "we've run out of water", "drop us off at the ferry". Ukurasa wa kwanza ulijaa maji, taulo na teksi tupu, lakini hizo hazijawahi kunitoka. Na angalia moja inaweza kuwa na maana mbili tatu, take off ni ndege kupaa na pia ni kuvua viatu, hapo sentensi ndo inakwambia.

KijanaWaMagomeni:
Dada asante, daftari nanunua kesho. Ticha swali lingine, nikitaka kusema wameiahirisha naandika "they put off it"?

TichaMbagala:
Hapana, hapo wengi wanateleza. Ukitumia it, them, him, inakaa katikati, they put it off. Sikiliza ulivyosema mwenyewe, wameiahirisha, ile "i" ya safari si umeiweka ndani ya kitenzi? Basi na wao hapo wanaibana katikati. Ukitaja safari yenyewe unaweza popote, put off the trip au put the trip off. Ila zipo zisizoachana hata iweje, look after (kutunza) ni mojawapo, unasema look after them, huwezi look them after. Put up with nayo hivyo hivyo.

KijanaWaMagomeni:
"The guests didn't call it off, they put it off until Friday."

TichaMbagala:
Safi kabisa, hapo hamna cha kurekebisha.

DadaWaMapokezi:
Iandike ukurasa wa kwanza hiyo.