Naomba ushauri: vipande vya leso na vitambaa vya rangi moja

Assalamu alaykum ndugu zangu, hasa nyinyi mabingwa wa cherehani.

Nina gunia zima la vipande: mabaki ya leso, vitenge na masalio ya madira. Nataka kushona vishikio vya sufuria, foronya za sebuleni na, nikijaaliwa, mfarishi wa mtoto wa dada yangu. Leso ina mambo mengi, pindo pembeni na mji katikati. Ukiibandika ubavuni mwa kitenge macho yanauma. Ndiyo nikafikiria kuzitenganisha kwa kitambaa cha rangi moja, cheupe au buluu iliyokoza.

Kinachonitatiza kwanza ni ule wekundu wa leso unaochuja. Naona kufua kabla ya kukata ni lazima, maana pamba ikifuliwa hurudi, yaani husinyaa, na polista hairudi, ukizishona pamoja mshono unajikunja. Lakini mama anashikilia kwamba leso ikishatoka wanga haikatiki sawa, na kusema kweli hajakosea. Nifue kisha niitie wanga upya? Na hiyo chumvi inazuia rangi kweli, ama ni maneno ya mtaani tu?

Pili, cha kuweka katikati. Sufi naijua kwa mito, ila kwenye mfarishi si itajikusanya pembeni ikifuliwa? Kwa joto letu hili huenda taulo kuukuu likatosha. Vishikio sitavitia polista, inayeyuka.

Na Mtaa wa Biashara, wapi wanakukatia pamba nusu mita bila kununa?