Nimehamishiwa Meatu, binti yangu yuko la tatu hapa Dar. Nimuache au niende naye?

Sindano ya Jioni:
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana nimewaza mpaka basi. Mimi ni nesi, nimepata uhamisho kwenda Meatu, Simiyu, zahanati yenyewe iko kijijini nje ya Mwanhuzi. Nina binti wa miaka 8, baba yake tulishaachana na hatoi hata mia, anasoma ingilishi midiamu hapa Tabata. Wiki iliyopita nilienda kuangalia mazingira nikapitia na shule ya pale kijijini, jamani, darasa la tatu dawati moja watoto wanne, kitabu kimoja, mmoja anasoma wengine wanachungulia, waliokosa dawati wako chini. Nikamkuta katoto kamebeba kidumu cha lita tano, maji ya shule hayo, nikauliza anatokea wapi, wakanyoosha kidole ng'ambo ya mbuga, nikakodoa macho sikuona hata bati moja. Sasa dada yangu wa Mbagala anasema nimwachie yeye, na mimi nilikuwa nafikiria bweni. Mnanishaurije?

Ngoja Nione:
Bweni dada, maliza kazi.

Chaki Vumbi:
Bweni sahau, tangu Machi 2023 wizara ilishapiga marufuku kuanzia awali mpaka la nne, labda shule iwe na kibali maalumu cha kamishna.
Mimi ni mwalimu huku kanda ya ziwa mwaka wa tisa. Watoto wetu wengi wanaingia la kwanza na Kisukuma chao tu, mwalimu mgeni mnabaki kuangaliana, akija kukishika Kiswahili vizuri mtihani wa la nne huu hapa, akifika fomu wani anaambiwa haya sasa kila kitu Kiingereza. Wako hana hilo tatizo. Mimi ningekuwa wewe ningeogopa sekondari, maana ikiwa mbali watoto wanapanga mageto, na mtoto wa kike kwenye geto unajua mwenyewe. Ingia tovuti ya NECTA, matokeo ya la nne na la saba yapo shule kwa shule, linganisha za kijijini na za Mwanhuzi mjini kabla hujaamua.

Mzee wa Buti:
Kwani wanaosoma huko sio watoto? Acha kudekeza.

Sindano ya Jioni:
Ni watoto mkuu, na yule wa kidumu mpaka leo sijamsahau. Ila wa kumuamulia mimi ninaye mmoja tu.

Msukuma wa Mbagala:
Nimekulia Maswa, jirani kabisa na huko. Msimu wa palizi ya pamba nusu ya darasa hamna. Elimu bila ada ya 2016 ada ilifuta kweli, kilomita ikaziacha palepale. Ila usidanganyike na jina la Dar, mwanangu yuko shule ya serikali hukuhuku Mbagala, mkondo wao tu watoto wamepita mia.

Mama Pacha:
Kumuachia ndugu, hapana mdogo wangu. Mimi niliachwa Temeke kwa mama mdogo nikiwa la tano. Hakunitesa, nisiseme uongo, lakini vyombo vilikuwa vyangu, watoto wake wakianza homuweki mimi niko na sufuria. La saba nilifeli, mama akaambiwa huyu kichwa kizito.

Sindano ya Jioni:
Mama Pacha umenimaliza. Nimekaa na NECTA usiku kucha, nimeona nipange Mwanhuzi, kuna shule dakika kumi kwa mguu kutoka kwenye chumba nilichopata, zahanati nitakuwa naenda mimi na kurudi. Kiingereza nitamsomesha mwenyewe jioni. Kama kuna anayejua bodaboda mwaminifu wa ile njia aje PM, na aniambie ukweli kuhusu masika, nasikia udongo wa ile mbuga ukilowa pikipiki inabebwa.

Msukuma wa Mbagala:
Inabebwa dada. Nunua gambuti mapema.