Soya yangu ya mbegu inalala, na mvua zimeshika. Naombeni ushauri

Mkulima_Bweyale: Wandugu, huku Kiryandongo, Uganda, majirani wanapanda. Nina Maksoy 3N, ile aina ya soya ya Chuo Kikuu cha Makerere, niliyojiwekea mwenyewe. Nimeotesha chache kwenye kitambaa, nyingi zimelala. Kwa macho ni safi, hazina mdudu hata mmoja. Nipande mbili-mbili kila shimo, au kuna dawa ya kuziamsha?

Jirani_Mwema: Ulizihifadhi wapi?

Mkulima_Bweyale: Stoo. Pakavu.

BintiBombo: Dawa hiyo haipo, kaka. Kwetu maharage hukaa darini hadi msimu wa pili na yanaota vizuri tu. Mama alipoweka soya hapohapo, tuliishia kuikaanga. Wajukuu waliifurahia sana.

Afisa_Mstaafu: Soya si maharage. Mafuta ni karibu asilimia 20 ya punje, na kukiwa na joto na unyevu yanaharibika humo ndani. Kiini kinakufa huku ganda linang'aa. Ganda lenyewe ni jembamba na hunyonya unyevu wa hewani. Watu wa maghala wana kanuni yao: unyevu wa mbegu ukipungua asilimia 1, au joto likishuka nyuzi 5 za Selsiasi, umri wa mbegu huwa karibu maradufu. Sasa kijana, niambie: paa la nini, mifuko ya nini?

Mkulima_Bweyale: Mabati. Mifuko ni kavera, yaani ya plastiki, nilifunga sana hewa isiingie. Wakati wa kuanika mvua ilinisumbua kidogo.

Afisa_Mstaafu: Za msimu upi?

Mkulima_Bweyale: Mwaka jana, mvua za kwanza. Lakini jamani, shamba nimeshakodi, na wenzangu wa kikundi wamelipia nusu ya mbegu hizi. Siwezi kurudi nyuma.

Hajati_K: Kumbe umeuza! Mwanangu, pesa ya wenzako, labda yumo mjane anayelimia ada za watoto, haichezewi. Warudishie.

Mpanda_Boda: Mimi siamini. Anajua aina ya mbegu kwa jina, halafu hajui kukausha? Huyu ni dalali, anatafuta maneno ya kuwatuliza wateja.

BintiBombo: Hata mimi nimeanza kushuku.

Mkulima_Bweyale: Mimi si dalali! Jina lilikuwa kwenye mfuko niliponunua mara ya kwanza.

Afisa_Mstaafu: Hata kama ni hadithi, wenye mbegu kama hizi ni wengi. Kavera ni nzuri kwa mbegu iliyokauka hadi asilimia 10 hivi. Mbegu mbichi ukiifungia humo chini ya mabati inajipika. Mbili-mbili haitakuokoa: punje dhaifu huota kwenye kitambaa, ikashindwa kupasua udongo ulioshikana. Chukua 100 bila kuchagua, panda kwenye mchanga wenye unyevu, hesabu baada ya wiki. Zikifika 80, panda. Zikiwa chini ya nusu, nunua nyingine.

Mkulima_Bweyale: Nimeweka 100 leo. Ila kipande cha bondeni nimeshakipanda.

Hajati_K: Na wenzako wa kikundi, umewaambia?

Mkulima_Bweyale: Nitawaambia nikishahesabu.

Hajati_K: Wiki nzima? Wao wanapanda kesho!