Kriketi Shelisheli: mikataba ikiisha, timu itabaki na nani?

MpishiMahe:
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mtu wa Kisauni, mpishi kwenye hoteli moja hapa Mahé, huu mwaka wa 4. Jumapili nikitoka zamu ya asubuhi nakwenda kucheza kriketi na Wahindi, Wasri Lanka na Wabangladeshi wa mjengo. Pichi yetu ni kipande cha saruji, mpira ni wa tenisi uliozungushiwa tepu. Ukiupiga ukaangukia baharini, unaufuata mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria.

Watoto wa hapa husimama, wakatazama ova moja mbili (ova ni mirusho 6), kisha huondoka na mpira wao wa miguu. Siwalaumu. Mwaka 2011 soka iliwapa dhahabu ya Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, nyumbani kwao, kwa penalti dhidi ya Morisi. Kriketi je? Oktoba 2024 timu ya taifa, yenye wageni wengi wa mikataba kama wenzangu, ilikwenda Nairobi, Zimbabwe wakawachapa mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 286 ndani ya ova 20, hadi mvua ikawahurumia.

Husemwa hapa kwamba ukila shelisheli (lile tunda, si nchi!) lazima utarudi. Wenzangu wanalila kila wiki, lakini kibali cha kazi kikiisha hawarudi, na mrushaji wetu mzuri keshakwenda zake. Sasa nauliza: mtoto wa hapa unamvutaje?

Mtu_wa_Thika_Road:
Kaka, hizo 286 zisikutie aibu. Siku chache baadaye, papo hapo Nairobi, Zimbabwe hao hao waliwapiga Gambia 344, rekodi ya dunia ya kriketi ya ova 20 kimataifa. Sikandar Raza peke yake alipata 133 kwa mipira 43, na hakutolewa.

Halafu wageni kuchezea taifa si ujanja. Ukikaa nchini miaka 3 mfululizo, sheria inakuruhusu. Wewe uko mwaka wa 4, kwa hiyo jiandae, tutakuona!

MpishiMahe:
Mimi? Nikikimbia mara mbili kati ya wiketi (vile vijiti vya pande mbili) natafuta kiti.

Babu_wa_Vikokotoni:
Nilipokuwa mdogo hapa Unguja, Waingereza, Wagoa na Wahindi walicheza kriketi Mnazi Mmoja. Sisi tuliokota mipira. Niliijua sheria ya mguu mbele ya wiketi (ukiuzuia kwa mguu mpira unaoelekea vijitini, unatolewa) kabla sijajua kuendesha baiskeli, lakini bati sikuwahi kulishika. Wenyewe walipoondoka, mchezo ukaondoka nao. Huyo mtoto anayetazama ova mbili akaenda zake, kuna aliyemwita?

MpishiMahe:
Shikamoo babu. Kweli, hatujawahi kumwita. Tunagombania zamu ya kupiga sisi kwa sisi.

Mtu_wa_Thika_Road:
Lakini tusimbebeshe mpishi lawama zote. Majirani wa Shelisheli ni akina Réunion, Komoro, Madagaska, visiwa vilivyopitiwa na Mfaransa. Nani atacheza nao kriketi? Waingereza walitawala hapo mpaka 1976, ila mashamba na lugha vilikuwa vya Kifaransa tangu awali. Timu ikitaka mechi ya maana lazima ipande ndege hadi Nairobi au Kigali.

Dada_Msajili:
Na mbona hakuna aliyetaja wasichana? Vanuatu ni visiwa vya Pasifiki, watu kama laki 3 tu. Aprili 2024 wanawake wao walikwenda Abu Dhabi kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, wakawatoa Zimbabwe wote kwa mikimbio 61 na kuwafunga. Zimbabwe hao hao mnaowaogopa! Kwenye soka msichana anasukumwa pembeni na kaka zake. Kwenye kriketi hapo kwenu hajatangulia mtu.

MpishiMahe:
Narudi na habari. Jumapili nilimwita binti wa mama tunayefanya naye kazi jikoni, ana miaka 11. Bati letu lilimlemea, nikamchongea jingine kwa upongoo wa kuti. Mpira wa tatu kaupiga mpaka baharini. Nikamweleza sheria yetu. Akaniambia kwa Kikrioli, na mama yake akanitafsiria huku anacheka, kwamba aliyerusha vibaya ndiye akaulete.

Aliyerusha ni mimi. Viatu bado havijakauka.