Mtoto anakojoa damu: kwa nini programu inakiweka kichocho nafasi ya saba?

Tabibu wa Bondeni (Pemba)

Assalamu alaykum. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya huku kaskazini ya Pemba. Wiki iliyopita aliletwa mtoto wa kiume wa miaka 9 ambaye mkojo wake huanza safi na kumalizikia na damu. Hakuwa na homa, na mama yake aliniambia, kabla sijauliza lolote, kwamba hicho ni kichocho, kwa sababu kaka yake mtoto aliwahi kukiugua. Mimi nilikuwa nimewekewa kwenye simu programu ya uchunguzi, ambayo unaiingizia dalili nayo inakupa orodha ya maradhi. Juu kabisa iliweka maambukizi ya bakteria katika njia ya mkojo, ikafuatisha mawe ya figo, na kichocho kikaja cha saba. Stiki ya mkojo, yaani kijiti cha kupimia, ilionesha damu, lakini maabara hawakuona yai hata moja la minyoo ya kichocho katika mkojo uliochukuliwa asubuhi mapema. Sitaki kuamuliwa baina ya mama na simu. Nataka kufahamu chombo hiki kinapangaje orodha yake, na mimi niliye katikati nifikiri vipi.

Maalim wa Hesabu (Unguja)

Wa alaykum salaam, Daktari. Programu nyingi za namna hiyo, kwa uwazi au kwa kificho, zinafuata kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763, baada ya yeye kufariki. Mwaka 1959 Robert Ledley na Lee Lusted walieleza katika jarida la Science jinsi fikra ya daktari anapotafuta maradhi inavyoweza kuandikwa kwa mantiki na hesabu za uwezekano, na kanuni hiyo ikiwa ndani yake. Kiini chake ni kwamba dalili peke yake haitoi jibu, bali hupandisha au kushusha uwezekano uliokuwapo kabla hujamwona mgonjwa.

Nitabuni tarakimu ili jambo lionekane. Tuseme stiki hugundua watoto 80 katika kila 100 wenye kichocho, na huonesha damu kwa watoto 5 katika kila 100 wasiokuwa nacho. Katika shehia ambayo watoto 200 kati ya 1,000 wanaugua, stiki itaonesha damu kwa wagonjwa 160 na kwa wazima 40, kwa hiyo wanne katika kila watano walioonesha damu wana kichocho kweli. Ihamishie stiki hiyo hiyo katika shehia yenye wagonjwa 10 tu kati ya 1,000: utapata wagonjwa 8 na wazima wapatao 50, yaani mgonjwa mmoja katika kila saba. Stiki haikubadilika, kilichobadilika ni pahala. Nadhani programu yako imelelewa kwa takwimu za nchi ambazo mtoto huweza kukua bila ya kusikia neno kichocho, na kwa huko orodha yake si mbaya.

Mstaafu wa Wodi

Naongeza kisa kimoja, maana tatizo hili si geni. Mwaka 1972, mjini Leeds, F. T. de Dombal na wenzake walichapisha matokeo ya kompyuta iliyotumia kanuni hiyo kwa wagonjwa 304 wenye maumivu makali ya tumbo. Kompyuta ilipatia kwa asilimia 91.8, na daktari mwandamizi kwa asilimia 79.6. Mfumo huo ulipojaribiwa Copenhagen, ukiwa na takwimu za Leeds tumboni mwake, haukufikia tena kiwango hicho. Ikiwa kuvuka kutoka Uingereza kwenda Denmark kunatosha kuuyumbisha, sioni ajabu kwa simu iliyofika bandari ya Mkoani.

Jambo la pili ni kwamba hesabu ya aina ile huchukulia kila dalili kuwa inasimama peke yake. Damu kwenye mkojo na maumivu ya kukojoa mara nyingi huja pamoja, na ukiziingiza kama mashahidi wawili, programu inamhesabu shahidi mmoja mara mbili.

Dada wa Maabara (Chake Chake)

Kaka Tabibu, niruhusu nianze na ile sampuli. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi zaidi baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa asubuhi mapema usipoonesha yai haukupi ruhusa ya kukiondoa kichocho. Mwambie mtoto atembee au acheze kidogo, achukuliwe mkojo mchana, utikiswe vizuri, kisha mililita 10 zipitishwe kwenye kichujio na kusomwa kwa hadubini. Angalia pia kama stiki ilionesha chembe nyeupe na naitraiti, ambazo ni dalili za bakteria, kwani bakteria nao wapo Pemba.

Kwa Maalim nina pingamizi dogo. Kugawa praziquantel, dawa ya kichocho, kwa wingi, maskulini na majumbani, kumekipunguza sana kichocho katika visiwa vyetu, na kilichobaki kimejikusanya katika baadhi ya shehia zenye mito na mabonde ya maji wanamoishi konokono wanaoeneza minyoo yake. Kwa hiyo uwezekano wa awali wa Pemba nzima hautufai, na ule wa miaka 20 iliyopita, ambao ndio wengi wetu tunautembeza kichwani, unaweza kupotosha kama ule wa simu. Isitoshe, maambukizi yakiwa mepesi mayai huwa machache na hadubini huyakosa kwa urahisi.

Maalim wa Hesabu

Pingamizi nimelipokea, Dada. Basi swali la kumuuliza mama ni mtoto anaoga wapi.

Tabibu wa Bondeni (Pemba)

Nimemuuliza leo. Nyumbani kwao wana maji ya mfereji na shehia yao haijapata mgonjwa muda mrefu, ila likizo ya skuli mtoto aliimalizia kwa bibi yake, akishinda mtoni na wenzake, na huko ndiko kaka yake alikougulia. Nimepekua programu nzima sikuona pa kuliandika hilo. Kesho atarudi saa sita mchana kutoa mkojo mwengine.