Nimechoka kujinyima. Ugali wa dona, maharage na kula taratibu vinapunguza mwili kweli?

Keshia_wa_Kkoo

Habari za jioni wakuu. Mimi ni keshia kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo, nyumbani ni Mbagala. Dayati nazijua zote kwa majina: ya mayai ya kuchemsha, ya supu ya kabichi, ya maji ya ndimu na tangawizi, ile ya kutogusa wanga kabisa. Zinapunguza, hilo sibishi. Sketi inalegea, watu kazini wanakusifia. Halafu jioni moja niko kituoni Gerezani nasubiri gari, pembeni kuna karai la mihogo ya kukaanga, ya moto, imenyunyiziwa chumvi na pilipili, na hapo nikianza sishikiki. Baada ya muda sketi inarudi ilipokuwa, na safari nyingine zipu haifiki juu.

Sasa shangazi yangu amekuja kututembelea kutoka Singida. Kwao ni ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde, kuku siku ya sikukuu. Anakula mpaka anashiba, na kitambi hana. Nikamuuliza anafuata utaratibu gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anapumuaje. "Nikishiba naacha."

Swali langu: inawezekana kuachana na dayati zote, nikala vyakula vyetu visivyokobolewa na kulisikiliza tumbo, mwili ukakaa sawa? Au shangazi amekonda kwa sababu ya jembe tu? Mchana nina mapumziko ya nusu saa na nakula kwa mama lishe. Naombeni majibu ya watu wanaoishi Dar hii hii, msiniletee saladi za kwenye picha.

Mzee_wa_Hoja

Shangazi analima, wewe umekaa kwenye kiti unahesabu hela za watu. Ukila kama yeye utakuwa kama pipa. Usijidanganye dada.

Mama_Sufuria

Mzee wa Hoja, mwache mtoto aulize.

Mwanangu, mimi napika Ilala, karibu na karakana za magari. Lishe sijasomea, lakini kutazama watu wakila ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kuna kijana wa bodaboda anakuja na helmeti kichwani, haivui. Anaagiza wali maharage, simu anaiegemeza kwenye jagi la maji, anaangalia mpira. Kijiko kinapanda, kinashuka, macho hayajagusa sahani. Akimaliza ananiambia, "Mama, niongeze wali wa jero." Tumbo lake lina chakula lakini habari hazijamfikia. Benchi la pili wanakaa mafundi wanne, wanachangia sinia moja la ugali, dagaa na matembele. Wananawa, wanabishana Simba na Yanga, huyu anamega tonge, anachovya, anaanza kueleza penalti, tonge liko hewani. Ugali wa moto hauruhusu haraka, unaunguza vidole. Wale wakubwa wa miili na kazi ngumu, na mara nyingi sinia linarudi na ugali.

Kwa hiyo wewe ukija kwa mama lishe, simu iache kwenye pochi. Sema hivi: "Nipunguzie ugali, niongezee maharage na mboga." Hatukasiriki. Anza na maharage na mboga, ndipo uingie kwenye ugali, na kula kwa mkono. Ukifika katikati pumzika, kunywa maji, jiulize kama bado ni njaa au ni utamu unakuvuta. Kikibaki, mwambie akufungie. Hakuna sheria kwamba sahani lazima ing'ae, ingawa najua mama zetu walitulea hivyo.

Lakini ngoja nikwambie lililonikera kwenye maelezo yako. Hujasema asubuhi unakula nini. Nawajua ninyi wa Kariakoo: chai ya rangi, andazi moja, umetoka. Mchana unakula robo kwa sababu uko kwenye dayati. Halafu jioni unashangaa mihogo ya Gerezani inakuita! Hiyo siyo tamaa, ni njaa ya tangu asubuhi. Chemsha viazi vitamu au magimbi usiku, asubuhi kula na chai na yai. Au uji wa ulezi, mzito, sio ule wa kumnyweshea mgonjwa. Ukifika Gerezani umeshiba, mihogo ni mihogo tu. Ukitaka vipande viwili, kaa chini, kula, furahi, panda gari.

Na angalia sufuria kabla hujaagiza. Wenzangu wengine mchicha wao unaogelea kwenye mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina nguvu ya chakula sawa na kipande cha ugali unachokiogopa. Na soda, mwanangu. Watu wanakimbia ugali wangu halafu wanashushia soda.

Lishe_Kwanza

Mimi ni afisa lishe, na huyu mama amesema kwa sufuria jambo ambalo wenzetu wamelipima. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha utafiti wao. Waliwaweka watu 20 ndani ya kituo kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula halisi, na kila mtu aliruhusiwa kula atakavyo. Milo iliyoandaliwa ilikuwa na sukari, mafuta na kalori zinazolingana. Kwenye vile vya kusindikwa walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula halisi walipungua karibu kilo hiyo hiyo, bila mtu kuambiwa ajinyime. Na jambo moja lililoonekana ni kwamba vyakula laini vya kiwandani vililiwa kwa kasi zaidi. Taarifa za shibe kutoka tumboni na kwenye utumbo huchukua kama dakika 20 kukolea kichwani, na anayemaliza sahani kwa dakika sita ameshazipita.

Kuhusu kushindwa kujizuia: mwaka 1944 huko Minnesota, Ancel Keys alichukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa wiki 24. Walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani. Walipofunguliwa, wengine walikula mfululizo na bado wakasema hawajashiba. Hao walikuwa wanaume wenye nidhamu, Keshia. Kwa hiyo acha kujilaumu eti huna msimamo.

Sasa Mzee wa Hoja naye ana haki yake. Jembe la shangazi lina mchango. Na utafiti wa Hall ni wa wiki nne, ndani ya kituo, chakula kinaletwa mezani. Haukuthibitisha kwamba dona inakondesha. Ninachokiona kwenye kliniki ni kwamba wanaokula hivi hupungua polepole, wengine kidogo tu, lakini ile kupanda na kushuka inatulia. Mimi nachukulia hiyo kuwa faida kubwa kuliko kilo tano za haraka. Shuka kituo kimoja kabla, tembea.

Soda nayo ina hesabu yake: chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, takriban vijiko tisa vya chai, na hakuna anayesema ameshiba soda.

Binti_Chumbageni

Asalaam aleikum. Naongeza moja kutoka Tanga. Mama yangu ana kisukari. Aliposikia "chakula cha asili" alifurahi, akawa anapiga ugali wa dona mlima mzima, na embe bolibo mbili kama kitinda mlo. Sukari ikapanda mpaka tukatishika. Dona nayo ni wanga, jamani, kipimo kipo pale pale. Na jingine: hii ya kulisikiliza tumbo, yaani usile mpaka usikie njaa, haimfai anayechoma insulini au kumeza baadhi ya dawa za kushusha sukari, maana sukari inaweza kushuka ghafla. Huyo afuate saa za milo alizopangiwa hospitali.

Kwa tulio wazima, bibi zetu walitufundisha zamani: theluthi ya tumbo chakula, theluthi maji, theluthi pumzi. Tunayakumbuka maneno haya kwenye khutba, futari ikiwekwa mezani tunayasahau.

Keshia_wa_Kkoo

Nawashukuru wote. Mama Sufuria umenikamata, asubuhi ni chai ya rangi kweli, andazi nalo mara lipo mara halipo. Leo nimejaribu kusema "nipunguzie ugali, niongezee maharage". Mama wa pale kwetu kanikazia macho akadhani nataka kupunguziwa bei, tulivyoelewana akanijazia kisamvu bure. Nimekula kwa mkono, simu kwenye pochi. Nusu saa ilitosha na nikabaki na muda wa kwenda kunawa uso. Kilichonishinda ni kuongea na mtu, meza yote walikuwa kwenye simu.

Swali la mwisho: dona nzuri napata wapi? Dukani mtaani kwangu ni sembe tupu.

Mama_Sufuria

Usinunue dona iliyokaa dukani. Nenda Tandale, nunua mahindi, chambua kwa mkono kwenye ungo. Yenye ukungu, yaliyovunjika au yaliyobadilika rangi, tupa, wala usimpe kuku. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, siyo mchezo, 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara. Na kwenye dona ni hatari zaidi, kwa sababu ganda na kiini vyote vinasagwa humo, wakati sembe sehemu kubwa inaondoka na pumba. Kuchambua hakumalizi yote, kwa hiyo muuzaji mwenye mahindi yanayonuka uvundo mpite. Yaanike yakauke kabisa, peleka mashine, mwambie asikoboe. Saga kidogo kidogo, kwa sababu kiini kina mafuta na unga unachacha upesi. Ukionja unga una uchungu, usipike.

Wakati wa kusonga, maji yachemke kweli, na uvumilie jikoni kuliko sembe, punguza moto, funika kidogo, songa tena. Ukiwahi kuepua pumba zitakukwaruza koo, uje hapa useme Mama Sufuria muongo.

Mzee_wa_Hoja

Mama, hayo matembele na dagaa yanaiva saa ngapi? Naulizia rafiki yangu.