Tuwafikieje wenye uhitaji wasiofika kwenye kituo cha kugawia chakula?

Mama Furaha (Louisville, Kentucky)
Ndugu zangu, nawasalimu. Kanisa letu hugawa chakula kinachotoka benki ya chakula ya eneo hili, na kila Jumanne saa nne asubuhi tunafungua mlango. Linaloniumiza ni kwamba familia nyingi za Wakongomani wa mtaa huuhuu hazifiki, ingawa sheria ya Julai 2025 iliwaondolea msaada wa SNAP, yaani fedha za serikali za kununulia chakula, wakimbizi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu. Juma lililopita nilimtembelea bibi mmoja aliyepelekewa chakula chetu na mjukuu wake; makopo yote alikuwa ameyapanga dirishani, hayajaguswa, kwa kuwa hakuwa na kifaa cha kuyafungulia wala hakujua kilichomo. Tufanyeje?

Baba Amani (Phoenix, Arizona)
Mama Furaha, pole na kazi. Anza na saa. Saa nne asubuhi, anayefanya zamu ya usiku amelala na anayefanya zamu ya mchana yuko kazini, kwa hiyo mnawafungulia wachache. Mji huu ndiko John van Hengel alikoanzisha benki ya chakula ya kwanza mwaka 1967, na mpango wenyewe haujabadilika sana: benki ni ghala linalokusanya chakula, kisha vituo kama chenu ndivyo vinavyokigawa. Mara nyingi saa za kufungua hupangwa na kituo chenyewe. Sisi tulihamia Alhamisi saa kumi na mbili jioni, tukaruhusu pia jirani amchukulie mgonjwa au mzee kwa barua fupi yenye sahihi, na sura mpya zikaanza kuonekana.

Jambo la pili ni woga wa karatasi. Chakula cha serikali kinachopitia TEFAP, mpango wa msaada wa dharura wa chakula, hakina sharti la uraia, na katika majimbo mengi mtu hujaza mwenyewe kipato cha kaya yake bila kuonyesha hati ya mshahara. Liandikeni hilo kwa Kiswahili na Kinyarwanda, mlibandike mlangoni.

Bi Salma (Leicester, Uingereza)
Naafikiana na Baba Amani. Huku kwetu vituo vingi vya Trussell, mtandao wa benki za chakula, hutaka mtu aje na vocha kutoka kwa daktari, mfanyakazi wa ustawi wa jamii au shirika la ushauri, na nimeona watu wanavyokata tamaa kabla ya kuipata, kwa sababu kumweleza mgeni kwamba watoto wamelala njaa ni fedheha nzito kwa mzazi. Msiongeze kizuizi cha namna hiyo. Na kuhusu yule bibi, nakuombeni mwacheni mtu achague mwenyewe rafuni: unga, maharage makavu, mchele na mafuta vitabebwa kwa furaha, na Mwislamu hatalazimika kurudi nyumbani na kopo la nguruwe.

Mama Furaha
Ahsanteni sana. Jana usiku nimeisoma upya fomu yetu: inauliza namba ya hifadhi ya jamii, na katika kamati nzima hakuna aliyeweza kunieleza swali hilo liliingiaje. Jumapili nitaomba liondolewe, na suala la Alhamisi jioni nitalipeleka siku hiyohiyo. Baba Amani, tafadhali niwekee hapa mfano wa ile barua ya kumchukulia jirani.